Asilimia 15 ya Nini? Bajeti za Afya za Majirani wa Afrika Mashariki

Kila Juni, bajeti zinaposomwa Nairobi, Kampala na Dodoma, swali hurudi lilelile: afya imetengewa asilimia ngapi? Kipimo ni ahadi ya Abuja ya Aprili 2001, pale wakuu wa nchi za Afrika walipokubali kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Rwanda imetajwa mara kadhaa kuwa imeifikia. Majirani zake wananyoshewa kidole.

Kidole hicho hakionei mtu. Mwaka 2016, mashine pekee ya tiba ya mionzi nchini Uganda, pale Hospitali ya Mulago, Kampala, iliharibika kabisa baada ya kutumika zaidi ya miaka 20. Baadhi ya wagonjwa wa saratani walipelekwa Nairobi, na mashine mpya ikazinduliwa rasmi 2018. Kwa mgonjwa mwenye uvimbe unaokua, huo ni muda mrefu mno. Hapo usiniambie habari za kubana matumizi. Palitakiwa fedha, na mapema.

Hata hivyo, asilimia peke yake inapotosha. Sehemu kubwa ya bajeti ndogo inaweza kuwa pungufu kuliko sehemu ndogo ya bajeti kubwa. Tena, Kenya ilihamishia huduma nyingi za afya kwenye kaunti mwaka 2013. Anayesoma fungu la wizara tu, kisha akalilinganisha na la jirani, ameacha nje hospitali nyingi ambamo Mkenya hutibiwa.

Swali lililo zito zaidi kwangu ni hili: nani analipa pale dirishani? Uganda ilifuta ada katika vituo vya serikali mwaka 2001, na wagonjwa, hasa maskini, wakamiminika. Ulikuwa uamuzi wa utu. Lakini dawa hazikuongezeka kwa kasi ya foleni. Mama anafika na mtoto mwenye homa, anaonwa bure, anapewa kikaratasi, kisha anaambiwa: dawa zimeisha, kanunue nje. Kwenye hesabu za serikali, ametibiwa bila malipo.

Rwanda ilishika njia nyingine: bima ya jamii, kaya inachangia kulingana na hali yake, na wasiojiweza wanalipiwa. Mgonjwa bado anatoa kiasi kidogo akifika kituoni. Wapo wanaosema mchango wa lazima unamkaba mkulima, na si uongo, ila bora mchango unaojulikana mapema kuliko bili inayomlazimu kuuza ng'ombe. Kenya nayo, tangu Oktoba 2024, inakata asilimia 2.75 ya mshahara kabla ya makato mengine, kwa ajili ya bima ya afya. Kwa mwajiriwa ni rahisi. Kwa mwuza mboga, ambaye leo kauza na kesho hakuuza, kukadiria kipato chake na kumtaka alipe mwaka mzima kwa mkupuo ni kumfungia mlango. Tanzania ilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023, na itakumbana na mwuza mboga huyohuyo.

Jedwali lolote la kulinganisha bajeti za majirani hawa linahitaji safu mbili zaidi: kinachotoka mfukoni mwa mgonjwa, na kinachotoka kwa wafadhili. Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake, kliniki za VVU zilizokuwa zikiitegemea ziliyumba katika muda wa siku chache, na asilimia zilizosomwa bungeni Juni iliyotangulia hazikuwa zimemwonya yeyote.