Hadubini peke yake haitoshi
Makala moja niliyosoma inaeleza kwamba kupima kinyesi cha mbwa kwa hadubini kunatosha kumtambua mwenye ekinokokasi, aina ya tegu (mnyoo bapa) anayeishi kwenye utumbo wa mbwa. Nimehudumia mifugo Turkana kwa miaka mingi na sikubaliani na dai hilo, kwa sababu mayai ya tegu huyo hayatofautishwi kwa hadubini na ya baadhi ya tegu wengine wa mbwa, na mnyoo mwenyewe ana urefu wa milimita chache tu. Kinachohitajika ni kipimo cha antijeni (chembe za mnyoo zinazotambuliwa kwenye kinyesi) au cha vinasaba. Mbwa huyo huonekana mzima kabisa, hulala karibu na watoto, ilhali binadamu anayemeza mayai hayo huota vifuko vya maji kwenye ini au mapafu. Mbwa huambukizwa akila viungo vya mifugo vyenye vifuko hivyo. Je, kwenu maini ya mifugo iliyochinjwa yakiwa na vifuko hutupiwa mbwa au hufukiwa?