Anayebadilisha kafili si mtoro

Hapa Kigoma, Mwanga hadi Ujiji, kijana aliyeko Ghuba akipiga simu kwamba anataka kuhama kazi, jibu la nyumbani ni moja: vumilia, usije ukaitwa mtoro. Wazazi hawakosi sababu. Kafili, yaani mwajiri anayemdhamini mgeni, amelipa wakala, viza, tiketi na vipimo kabla mgeni hajafagia hata chumba kimoja. Akiondokewa mwezi wa pili, fedha imekwenda na kazi imelala.

Lakini hilo ni deni la fedha. Mwenye mtumbwi wa dagaa pale Kibirizi akiachwa na mvuvi aliyempa fedha za kuanzia, atadai fedha yake. Hatadai mvuvi asivue tena ziwani. Qatar ililiona hivyo mwaka 2020 ilipofuta barua ya ridhaa ya mwajiri wa kwanza. Sheria Namba 18 ya mwaka huo inamruhusu mfanyakazi kuhama hata akiwa kwenye majaribio, kwa notisi ya mwezi mmoja. Mwajiri mpya ndiye anayemrudishia wa zamani sehemu ya gharama za kumleta na tiketi ya safari moja, jumla isizidi mishahara ya msingi ya miezi miwili. Matajiri wanamalizana wenyewe. Majaribio yakiisha, aliyetumikia miaka miwili au pungufu anatoa notisi ya mwezi mmoja. Aliyezidisha hapo, miezi miwili. Wafanyakazi wa ndani nao wana haki ya kuhama.

Notisi hiyo hupita kwenye mfumo wa wizara ya kazi. Ujumbe wa WhatsApp kwa bosi hautoshi. Wengi wamekwama walipodaiwa barua ya kujiuzulu yenye muhuri wa mwajiri wa zamani: ridhaa iliyofutwa imerudi kwa mlango wa uani.

Saudi Arabia ilifungua nusu mlango Machi 2021. Mfanyakazi wa kampuni aliyetimiza mwaka anahama kupitia Qiwa, mfumo wa mtandaoni wa wizara ya kazi ya huko, bila ridhaa ya mwajiri. Anaweza kuwahi zaidi kama hajalipwa miezi mitatu mfululizo, au kama miezi mitatu imepita tangu aingie na mkataba haujasajiliwa. Mageuzi hayo yaliwaacha nje wafanyakazi wa ndani, madereva wa familia, watunza bustani na wachungaji. Na kazi za ndani ndizo zinazowachukua mabinti wetu.

Kwa binti huyo kitisho kina jina: huruub, taarifa ya kafili kwamba mfanyakazi wake ametoroka. Ikishaingia, ikama yake, yaani kibali cha kukaa, inakuwa hatarini, kuhama kunakwama na anaweza kukamatwa barabarani. Tazama nani ameshika kalamu: ni yule yule anayedaiwa mishahara. Mwenye deni la miezi mitatu ana kila sababu ya kuwahi kuripoti, na akiwahi, madai ya binti yanaanza kusikika kama utetezi wa mkosaji. Mimi sioni haki hapo, hata nikihesabu kila riyali aliyotumia kafili.

Kwa hiyo mpangilio wa hatua ni muhimu kuliko ujasiri. Asiondoke nyumba ya kafili kabla ushahidi haujatoka: picha ya mkataba, ya ikama pande zote mbili, na ya kila ujumbe wa mshahara, vyote vitumwe Kigoma, maana simu inaweza kunyang'anywa. Akilazimika kutoka kwa kupigwa au kunyimwa chakula, aelekee ubalozi wetu Riyadh au ofisi ya kazi siku hiyo hiyo, si kwa rafiki mwenye kibarua cha siri.

Mzazi anayepigiwa simu usiku asianze na vumilia. Aulize: ikama inaisha tarehe ngapi? Mshahara wa mwisho uliingia lini? Mkataba umesajiliwa?