Ufunguo wa mlango wa dharura uko kwa nani?

Mwezi uliopita kengele ya moto ililia ofisini kwetu, ghorofa ya sita, katikati ya Dar es Salaam. Ilikuwa kama saa tano asubuhi. Hakuna aliyeinuka. Mwenzangu wa meza ya jirani alisema, "Wanaijaribu hiyo," nasi tukaendelea na kazi. Tuliposikia harufu ya waya unaoungua ndipo viti vikaanza kusukumwa.

Kwamba lifti haipandwi wakati wa moto, hilo tulilikumbuka. Tukakimbilia mlango wa dharura kule nyuma, nyuma ya boksi za mafaili ya miaka iliyopita. Una kufuli. Ufunguo uko kwa mtu wa stoo, na mtu wa stoo katoka kwenda benki.

Ikabidi turudi tulikotoka, tupite mbele ya chumba cha umeme kilichokuwa kinatoa moshi, tushuke kwa ngazi kuu. Nilimshika mkono dada mmoja mwenye mimba ya miezi saba. Kila tukimaliza ngazi za ghorofa moja alisimama, akashika ukuta, akavuta pumzi, na watu wakawa wanatupita. Nilikuwa namhesabia ghorofa zilizobaki ili asikate tamaa. Tulifika chini salama, na ilionekana ni kebo tu iliyoungua. Lakini mkono wake ulivyokuwa unatetemeka ndani ya wangu sijausahau.

Nilipouliza kwa nini mlango ule unafungwa, nilijibiwa kwamba ukiachwa wazi mali itaibiwa.

Jibu hilo lina zaidi ya miaka mia moja. Machi 25, 1911, kiwanda cha nguo cha Triangle kiliungua mjini New York, kwenye ghorofa tatu za juu za jengo lake. Ghorofa ya tisa mlango mmoja wa ngazi ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, kwa sababu wenye kiwanda walitaka wafanyakazi watokee upande mmoja tu, wapekuliwe mikoba wasije wakaiba vitambaa. Chini ya nusu saa mambo yalikuwa yamekwisha, na waliokufa ni watu 146, wengi wao wasichana wahamiaji. Septemba 2012 kikaungua kiwanda cha nguo cha Karachi, Pakistani: madirisha yana nondo, milango imefungwa, wakafa watu zaidi ya 250. Kiwanda kingine, bara lingine, kufuli lilelile.

Hofu ya wizi naielewa. Naishi mji huuhuu, na nyumbani kwangu madirisha yana nondo kama ya kila mtu. Ila mlango wa dharura haukulazimishi kuchagua kati ya mali na watu. Kuna ile milango yenye bomba la chuma lililolala katikati: aliye nje hawezi kuufungua, aliye ndani anausukuma kwa mkono au hata kwa kiuno, unafunguka. Anayehofia mali kutolewa kwa nyuma aufungie king'ora kinacholia kila unapofunguliwa. Mwizi hapendi kelele.

Kinachoniuma zaidi, hata hivyo, ni zile dakika tulizokaa tukisikiliza kengele. Novemba 24, 2012, kiwanda cha Tazreen kiliungua nje kidogo ya Dhaka, Bangladesh. Walionusurika walisimulia kwamba kengele ilipolia, wasimamizi waliwaambia warudi kwenye cherehani. Walikufa zaidi ya watu 110. Sisi hakuna msimamizi aliyetuzuia. Tulijizuia wenyewe, kwa sababu tangu niajiriwe, mwaka wa nne huu, hatujafanya zoezi la kujiokoa hata mara moja. Mtu ambaye hajawahi kushuka ngazi zile kwa mguu hawezi kuziamini siku ya moshi. Na moshi hausubiri: unakuziba macho na pumzi kabla moto wenyewe haujakufikia.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi tunayo tangu 2003, na Zimamoto wanakuja kukagua. Siku ya ukaguzi mitungi inafutwa vumbi, boksi zinahamishwa, kufuli linatolewa. Kesho yake vyote vinarudi mahali pake. Kwa hiyo swali simwelekezei mkaguzi, namwelekezea bosi: siku za kawaida, ambazo hakuna mgeni, mlango wako ukoje?

Nataka zoezi lifanyike mara mbili kwa mwaka, bila kutangazwa saa. Nataka pawepo mtu anayejulikana wa kukagua vyoo na chumba cha chakula kabla hajatoka, na mwingine wa kusoma majina kule chini tunakokusanyika. Siku ile hakuna aliyetuhesabu. Tulisimama barabarani makundi makundi tukiulizana nani kabaki, na kijana wetu wa IT, anayetumia kitimwendo, tukamkumbuka tukiwa tumeshafika chini. Alikuwa bado ghorofa ya sita, peke yake mbele ya lifti. Mlinzi na fundi mmoja ndio waliopanda kumbeba.

Wiki iliyofuata niliandika barua, tukaisaini watu kumi na mmoja. Boksi zimeondolewa. Kufuli bado lipo, na kila asubuhi nikifika naenda kulitazama kabla sijawasha kompyuta.