Wauguzi Waliogoma Hawakuwakimbia Wagonjwa

Wauguzi na maafisa tabibu wa Kenya walipogoma Desemba 2020, wengi waliwaita wasaliti. Mtu anaachaje wadi huku korona inaua? Lawama hiyo nzito siipuuzi. Mama mwenye uchungu wa uzazi anayekuta hospitali ya kaunti haina muuguzi hana ugomvi na yeyote. Mwenye pesa ataenda hospitali ya kibinafsi. Asiye nazo atajifungulia nyumbani, Mungu amsaidie. Ibara ya 43 ya Katiba inampa haki ya matibabu.

Lakini ibara ya 41 ya Katiba hiyo hiyo inampa mfanyakazi haki ya kugoma, na madai yenyewe hayakuwa ya anasa: vifaa vya kujikinga vinavyofaa, bima ya afya, marupurupu ya kazi ya hatari.

Mwezi huo huo korona ilimuua daktari wa miaka 28 aliyekuwa akiwahudumia wagonjwa wa korona Machakos. Alikuwa hajalipwa mshahara kwa miezi mitano. Miezi mitano! Kodi ya nyumba mara tano, nauli ya kila siku, na bado anavaa lile vazi la plastiki linaloloweka mwili jasho, anafunga barakoa mpaka pua inachubuka, anaingia wadini. Huyu hakuwa amegoma. Alifanya yote tunayomtaka mhudumu wa afya afanye, akazikwa akidai. Anayewaita wenzake wasaliti aanze kwa kueleza jambo hilo.

Tunaambiwa pesa hazikuwepo, na ni kweli ushuru ulipungua biashara zilipofungwa. Ila mwaka huo huo shirika la serikali la kununua dawa na vifaa vya tiba, KEMSA, lilichunguzwa kwa ununuzi wa vifaa vya korona wa takriban shilingi bilioni 7.8. Muuguzi anayeambiwa atumie barakoa moja zamu nzima alizisikia bilioni hizo redioni kama sisi sote.

Ningependa wadi za uzazi na za mahututi zingebaki na watu hata siku za mgomo. Hapo wagomaji wana deni kwa wagonjwa. Lakini mgomo haukumvamia mwajiri usingizini. Madaktari, ambao nao walipanga kugoma, walitoa ilani mapema, wakauahirisha mgomo wao kwa wiki mbili ili mazungumzo yaendelee, hadi Desemba 21. Wiki mbili hizo zilikuwa mikononi mwa serikali.