Amu, bushi na tanuri la rangi ya unga

Magari mengi yanayouzwa Nakuru yametumika Japani kwanza, na yaliyotoka sehemu za theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi, hufika yakiwa tayari na kutu chini. Matope ya Molo na Njoro humalizia kazi. Ndiyo maana wenye magari wanataka springi na amu za chini, zile zinazoshika magurudumu, zipakwe rangi ya unga, yaani unga mkavu unaonyunyiziwa chuma kisha kuokwa tanurini hadi uyeyuke na kushika, badala ya rangi ya brashi. Ni rangi ngumu kwelikweli. Ubishi ni huu: amu iingie tanurini na bushi zake (raba za kwenye maungio) na boljointi yake (kiungo chenye tufe kinachogeuka kila upande), au ivuliwe kwanza?

Wanaosema isivuliwe wana hoja nzito, na si haki kuwapuuza. Bushi ya kiwandani ambayo bado nzima ni mali. Ukiitoa kwa presi huenda ikararuka, na utakayonunua dukani ikawa bandia. Tena kuna amu ambazo boljointi yake haiuzwi peke yake, kwa hiyo kuiharibu ni kununua amu nzima. Kwa mwenye Probox ya kubeba mboga, hilo linagusa chakula cha nyumbani.

Lakini rangi hii huiva chuma kikifika nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi na kukaa hapo dakika 10 hadi 20. Kinachohesabiwa ni joto la chuma chenyewe, kwa hiyo amu nene hukaa ndani zaidi. Raba ya asili haistahimili joto hilo. Foili na tepu ambazo mafundi huzungushia bushi huzuia unga tu. Joto hupitia kwenye chuma hadi kwenye raba iliyogandishwa humo. Bushi hutoka ikionekana sawa. Ibonyeze kwa bisibisi uone ilivyokauka, kisha tazama ukingoni: raba imeanza kuachana na chuma. Boljointi huumia zaidi. Grisi huvuja, kikombe cha plastiki cha ndani hulegea, kifuniko cha raba husinyaa, na hicho ndicho kiungo unachokitegemea ukishuka mteremko wa Salgaa. Shokabsoba isikaribie tanuri kabisa: ina mafuta, na nyingi zina gesi yenye shinikizo, inaweza kupasuka na kumuumiza fundi.

Viwandani amu huokwa kwanza, bushi zikapigwa presi baadaye. Kwangu, hali ya bushi ndiyo iamue. Zikiwa zimekwisha, vua kila kitu, na matundu ya amu yanayoshika bushi yazibwe kwa vizibo vya silikoni, kwa sababu rangi yenye unene wa mikroni 60 hadi 100 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) kila upande huibana bushi mpya. Zikiwa nzima, achana na tanuri. Sugua kutu kwa brashi ya waya, paka praima ya epoksi, kisha rangi ya chasisi. Haitadumu kama ya unga, ila ikichubuka unairekebisha mwenyewe. Ya unga ikitobolewa na jiwe, maji hupenya chini yake na kutu hutambaa bila kuonekana.

Springi ndiyo ningeipeleka bila wasiwasi, maana chuma chake kiliimarishwa kwa joto kubwa kuliko la tanuri hili. Raba zake zitolewe tu, na kutu isiondolewe kwa asidi: asidi huingiza haidrojeni kwenye chuma hicho kigumu, na springi inaweza kukatika ghafla.