Manjano ya sufuriani na manjano ya kwenye kopo

Juzi shangazi yangu kanirushia voisi ya dakika nne WhatsApp, kanunua kopo la kapsuli za manjano elfu themanini na tano, vidonge sitini, na aliyemuuzia kamwambia hiyo ni dawa ya Wahindi ya miaka na miaka, inasafisha damu, inashusha presha, inatoa maumivu ya magoti na kansa haikusogelei. Swali lake lilikuwa moja tu: "Mwanangu, wewe unayesomasoma, hivi nimeze au nimeshaliwa?"

Jumapili nikaenda kwake nikalishika kopo lenyewe. Lebo ina maandishi madogo kama mayai ya chawa, ila inasomeka: kila kidonge miligramu 500 za dondoo la manjano, asilimia 95 kurkumini (ile kemikali ya ndani ya manjano inayoyapa rangi ya njano), imeongezwa piperini ya pilipili manga. Na hatua nne kutoka pale tulipokaa, jikoni, kuna kichupa cha unga wa manjano anaoutia kwenye samaki wa nazi tangu mimi sijazaliwa.

Ukiingia kwenye huu ubishi utakuta watu wako kambi mbili na hawasikilizani kabisa. Hawa wanasema manjano ni dawa ya asili, mababu wametumia, haina kemikali, haina madhara, na kampuni za dawa zinaficha ukweli ili zisikose hela. Wale wanasema acheni ushamba, hicho ni kiungo cha mchuzi, kinatia rangi basi. (Hata jina tu hatujakubaliana, kuna nyumba ukisema binzari unaletewa manjano na nyumba nyingine unaletewa ya pilau, sasa tutakubaliana dawa?) Mimi naona kila upande una hoja yake nzuri, ila wote wanabishana kana kwamba kile cha kwenye sufuria na kile cha kwenye kopo ni kitu kimoja.

Tuanze na Wahindi wenyewe maana mmea ni wao. Kwa Kisanskriti manjano yanaitwa haridra, kwa Kihindi haldi, na kwenye vitabu vya kale vya Ayurveda, yaani tiba ya jadi ya Wahindi, vile vya Charaka na Sushruta, yamo. Wanayatumia kwenye vidonda na magonjwa ya ngozi, kwenye kikohozi wanachanganya na maziwa ya moto, na kwa ugonjwa walioita prameha, ambao dalili zake nyingi zinafanana na kisukari, wanayaweka pamoja na tunda la amla. Kabla ya ndoa bwana na bibi harusi wanapakwa haldi mwili mzima, kitu ambacho mtu wa pwani hashangai maana na sisi mwali tunamsinga kwa liwa na manjano. Sasa angalia vizuri hapo, popote unapoyakuta ni mzizi mzima, umechanganywa na kitu kingine, maziwa au samli au tunda, na anayekupa ni vaidya, mganga aliyekuangalia wewe kwanza ndio akapanga. Kurkumini hakuna aliyeijua. Ilitolewa kwenye mzizi kwa mara ya kwanza 1815 huko Ulaya, na umbo lake la kikemia likajulikana 1910. Kwahiyo yule muuzaji anaposema kapsuli ya asilimia 95 ni "dawa ya miaka na miaka" anakuuzia umri wa kitu kingine.

Kambi ya kwanza inapenda sana kuleta kesi ya hataza, na ni kesi tamu kweli. Mwaka 1995 Marekani ilitoa hataza, yaani haki ya kumiliki ugunduzi, kwa watafiti wawili wa kitengo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Mississippi, eti wamegundua kwamba unga wa manjano unaponya vidonda. Wahindi wakacheka kwanza halafu wakakasirika, maana bibi yeyote kijijini kwao anajua hilo. Baraza lao la utafiti, CSIR, likapinga, likapeleka nyaraka 32 zikiwemo za Kisanskriti, Kiurdu na Kihindi, nyingine za zaidi ya miaka mia, na 1997 hataza ikafutwa. Ushindi halali kabisa na mimi naushangilia, maana ule ulikuwa wizi wa mchana. Ila watu wanautumia vibaya, wanasema "hata Marekani imekubali manjano yanaponya". Hapana. Kilichothibitishwa pale ni kwamba jambo hilo si jipya. Kama linaponya au haliponyi, kesi haikuhusu.

Basi twende kwenye maabara, na hapa kambi ya kwanza itaumia kidogo. Mwaka 2017 jopo la wanakemia likiongozwa na Kathryn Nelson wa Chuo Kikuu cha Minnesota walikaa wakapitia majaribio zaidi ya 120 ya kurkumini kwa binadamu, wakasema hakuna hata moja kati ya yale yaliyofanyika kwa uangalifu mkubwa, yale ambayo mgonjwa hajui na daktari hajui nani kapewa dawa na nani kapewa ya kuzugia, lililofanikiwa. Walieleza na sababu: kurkumini inadanganya vipimo vya maabara, kwenye kichupa inaonekana inafanya kazi kwa kila kitu, ila mwilini inavunjika haraka na utumbo hauinyonyi. Halafu kuna aibu nyingine, Bharat Aggarwal, mtafiti wa Houston aliyeipa kurkumini jina kubwa kwenye mambo ya kansa, zaidi ya makala zake 20 zimefutwa na majarida kwa sababu ya matatizo kwenye picha na takwimu. Jengo zima la "manjano yanaua kansa" lilisimama kwa sehemu kubwa juu ya watu kama hao.

Lakini na wale wa "kiungo tu" wasikimbie na mpira. Baada ya hapo kuna majaribio yamekuja na kitu. Tasmania, huko Australia, waliwapa watu 70 wenye magoti mabovu dondoo la manjano wiki 12, maumivu yakapungua kuliko kwa waliopewa ya kuzugia, ingawa picha za goti hazikuonyesha maji yaliyojaa humo yamepungua. Thailand, 2023, wagonjwa 206 wa tumbo kujaa na kuuma bila sababu inayoonekana, wengine wakapewa kurkumini, wengine omeprazole, ile dawa ya kupunguza asidi tumboni, wengine vyote viwili, wakapata nafuu inayofanana. Udhaifu wake ni kwamba hakukuwa na kundi la kuzugia tupu, na magonjwa ya tumbo namna hiyo yanajulikana kupoa yenyewe. Ni majaribio madogo lakini yapo, huwezi kusema hakuna kitu hapo. Magoti na tumbo, sawa. Kansa na presha ya shangazi hayamo humo.

Sasa ile piperini kwenye lebo. Hii ilitoka kwenye utafiti wa Bangalore, India, wa 1998, walimpa mtu gramu 2 za kurkumini, kwenye damu ikawa haionekani kabisa au kidogo mno, wakaongeza miligramu 20 za piperini, ikapanda kwa asilimia 2000. Hiyo namba utaikuta kwenye kila tangazo. Wasichokwambia ni kwamba ni asilimia 2000 ya karibu na sifuri. Na piperini inafanya hivyo kwa kuuzuia mwili usivunjevunje vitu, sasa kama unameza na dawa zingine, nazo zinaweza kubaki kwenye damu kuliko daktari alivyopiga hesabu.

Nikamuuliza shangazi anameza vingapi. "Viwili asubuhi viwili jioni, ndivyo alivyoniambia." Tukakaa mezani na simu tukapiga hesabu. Unga wa kawaida una kurkumini kama asilimia 3, yale manjano ya Lakadong ya Meghalaya, India, yanayosifiwa sana yanafika kama 7. Kidonge kimoja kina miligramu 475. Kuzipata kwenye unga unahitaji karibu gramu 16, ambavyo ni vijiko vya chai vitano. Mara nne kwa siku. "Vijiko ishirini?" shangazi kasema, "hata mchuzi wa harusi sitii hivyo!" Na linganisha na hawa, Machi 2020 korona inaanza, sisi huku tukaishia kwenye nyungu na tangawizi, wizara ya India inayosimamia Ayurveda ikatoa ushauri wake: nusu kijiko cha chai cha haldi kwenye mililita 150 za maziwa ya moto, mara moja au mbili kwa siku. Nusu kijiko! Hao ndio wenye tiba yao.

Kwahiyo mtu akiniambia "ya asili haina madhara" namuuliza ipi. Manjano ya mchuzini watu wameyala vizazi na vizazi na ini halijalalamika. Ya kwenye kopo ni habari nyingine, Italia mwaka 2019 waliripoti kesi kama 20 za ini kuvimba kwa waliotumia vidonge vya manjano, wakatafuta uchafu kwenye vidonge hawakuukuta, na 2022 wakaagiza lebo ziwe na onyo. Mwaka huohuo Marekani wakachapisha kesi 10 za ini, mmoja alifariki, na 7 kati yao walikuwa na jeni ya aina moja, maana yake wengine wanameza mwaka mzima hawasikii kitu na mwingine ini linagoma. New Zealand nao mwaka 2018 walitoa tahadhari baada ya mtu anayetumia warfarin, ile dawa ya kuzuia damu isigande, kuongeza manjano na damu yake ikawa nyepesi kupita kiasi. Ni wachache ukilinganisha na wanaomeza, nakubali, ila hawa walimeza kwa ajili ya afya.

Na kabla watu wa unga hamjaanza kuwacheka watu wa kopo, unga nao una yake. Bangladesh wasagaji walikuwa wanatia rangi ya njano ya viwandani yenye madini ya risasi ili manjano yang'ae, ilianza miaka ya 80 baada ya mafuriko kuharibu rangi ya mizizi. Risasi inaharibu akili za watoto na harufu haina. Mwaka 2019 sampuli 47 kati ya kila 100 sokoni zilikuwa nayo, watafiti wa Stanford na wenzao wa Dhaka wakapeleka ushahidi serikalini, wafanyabiashara wakapigwa faini, na 2021 ikawa sifuri. Miaka miwili tu. Na rangi walikuwa wanaipaka kwenye mizizi mikavu ikiwa mizima, wakati wa kuing'arisha, kwahiyo ule ujanja wetu wa "mimi nanunua mikavu nasaga mwenyewe" peke yake hausaidii.

Shangazi hilo la rangi ndilo lililomgusa kuliko la ini. Kanitoa nje akanionyesha mashina matatu ya manjano nyuma ya bafu, mbegu alikuja nayo kutoka Muheza, akachimba kipande kimoja, akakiosha, akakatia kwenye kinu na kitunguu saumu, vidole vyote vikawa vya rangi. Alhamisi ana kliniki ya presha, kopo kasema atalitia kwenye pochi akamwonyeshe daktari pamoja na dawa zake. Muuzaji kampigia kuhusu kurudishiwa hela, simu inaita tu. Kopo liko juu ya friji na vidonge 44.