Mwalimu akikataa mtoto mwenye ulemavu, tujue anaogopa nini

Ukienda kuandikisha mtoto mwenye ulemavu kwenye masomo mengi ya hapa Bukavu, jibu linakuja haraka: "Mama, mumupeleke Heri Kwetu, bale ndio banajua bale batoto." Heri Kwetu, kile kituo cha watu wenye ulemavu, wanafanya kazi ya maana sana, sina neno nao, lakini kituo kimoja hakiwezi kubeba watoto wote wa Ibanda, Kadutu na Bagira. Na mtoto anayetembea na magongo, akili yake nzima, kwa nini avuke milima yote hii na kuna masomo karibu na kwao?

Mimi siamini walimu wetu wana roho mbaya. Wanaogopa. Tangu primaire iwe bure 2019 madarasa yamejaa, watoto wanabanana kwenye benchi, mwalimu ni mmoja, mshahara wenyewe unachelewa, halafu mwaka wa sita kuna ENAFEP, ule mtihani wa taifa wa kumaliza primaire, na kila mtu anauliza pursantaje ya waliofaulu, sasa mwalimu wa namna hiyo akiona mtoto asiyesikia anaingia mlangoni, anaona pursantaje yake inashuka. Na si hapa tu. Mwaka 1996 watafiti wawili, Scruggs na Mastropieri, walikusanya tafiti nyingi zilizowauliza walimu wa nchi za watu, karibu theluthi mbili walikubali watoto hao wasome pamoja na wenzao, lakini theluthi moja tu au chini ndio walisema wana muda, mafunzo na vifaa vya kutosha.

Hofu hiyo naielewa kabisa. Ila mtoto asiilipe yeye.

Kuna binti jirani yetu Kadutu, haoni mbali. Walimkalisha nyuma juu ni mrefu. Tablo imechakaa, chaki haishiki vizuri, basi akawa anakopi kwenye kaye ya mwenzake na mwalimu akamtoa inje eti anaiba. Mwaka uliofuata mwalimu mwingine akamleta benchi ya mbele, akawa anasoma kwa sauti kila anachoandika. Hakuna formasyo aliyopewa, hakuna franga aliyotoa! Hata wale wa nyuma walifaidika, nao tablo hawakuwa wanaiona.

Sheria ipo, ile ya mwezi wa tano 2022 ya haki za watu wenye ulemavu, na Kongo ilishaingia kwenye mkataba wa Umoja wa Mataifa tangu 2015. Madirekta waisome mbele ya wazazi kwenye mkutano wa kufungua mwaka, kila mzazi asikie kwamba mtoto wake hakubaliwi kwa huruma, ni haki yake. Na wale vijana wa humanité pédagogique, ambao kesho ndio watafundisha primaire, wakati wa staje wapelekwe hata wiki mbili kwa watoto wasiosikia na wasioona, wajifunze namna ya kuongea nao kabla hawajapewa darasa. Mwalimu ambaye ameshakaa na mtoto kama huyo hatamuogopa siku ya kuandikisha.